Mita ya Kumi na Nne

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama mzima, na lile jino lako la mbele bado limeshikilia. Mimi sijambo. Baridi ya huku imeanza kulegea, leo nimekwenda kazini bila kujifunga shingo.

Najua utashangaa kuona karatasi. Wewe mwenyewe huniambia simu ni ya salamu na mambo ya maana huandikwa, lakini safari hii ofisi ndiyo inayodai wino. Nikueleze taratibu.

Kile chombo chetu kinachoizunguka sayari kimebeba rada. Rada inarusha mawimbi kwenda chini. Mengine yanagonga juu ya barafu na kurudi, mengine yanapenya, yanagonga kilichofunikwa na barafu, nayo yanarudi yamechelewa kidogo. Kuchelewa kwake kunatuambia kina. Nguvu ya mwangwi inatuambia ni kitu gani. Mwaka jana nilikuta sehemu ambayo mwangwi unarudi kwa nguvu ya ajabu. Nimesema ni maji. Mkuu wangu amesema ni maji. Wengine wanasema sina ushahidi.

Ushahidi wangu ni wewe, mjomba. Chati ninayotumia kusoma mwangwi inasimama juu ya vipimo vya sehemu tano za hapa duniani. Nne zilikuwa na maji ambayo kila mtu alijua yapo. Ya tano ni uani kwetu. Miaka tisa iliyopita nilisukuma toroli la rada la chuo kutoka mlango wa jikoni hadi ukutani, nikasema maji yako mita ya kumi na nne, wewe ukachimba ukayakuta. Ni hapo tu rada ilipotangulia kusema na sururu ikafuata kuthibitisha. Ile picha yako umeshika mpini wa pampu, ndoo imejaa pembeni, huionyesha kila ninapohutubia. Wazee wenye shahada nne wanakujua kwa sura.

Sasa jarida litakalochapisha kazi yangu linataka tamko la mchimbaji mwenyewe. Fomu imo humu. Jaza kina, jaza ulichokikuta, weka saini. Naiomba ifike kabla ya mwisho wa Mei.

Mwambie mama simu yake haishikwi.

Mpwa wako


17 Machi

Kwa mpwa wangu, fundi wa mbinguni,

Marahaba, na nyingine uweke akiba. Bahasha imefika ikiwa imechanwa pembeni. Nadhani kuna mtu wa posta alinusa ng'ambo akadhani ndani mna noti, akakutana na barafu. Pole yake.

Mimi ni mzima kama mtarimbo. Jino halipo, nililing'oa mwenyewe kwa koleo mbele ya mashahidi watatu, mmoja akazimia, na huyo si mimi. Mama yako naye hajambo, ila wiki ya pili ya Januari aliteleza bafuni, nyonga ikapata ufa. Daktari amesema alale. Amelala, lakini nyumba nzima anaiendesha kutoka kitandani kama kambi ya jeshi. Simu iko juu ya kabati na yeye yuko chini ya kabati, ndiyo maana haishikwi. Usihangaike, dada yangu huyo alitengenezwa kwa kokoto.

Barua yako niliwasomea jamaa pale kwa kinyozi. Nilipofika kwenye wazee wa shahada nne, kinyozi alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja. Nikawaambia, mnamwona mtu huyu? Darasa la sita nilitoka shuleni kwa hiari yangu, tulipambana tukatoka sare. Nimechimba visima sitini na vitatu katika nchi tatu. Nimekunywa chai na waziri, akaniomba ushauri, nikampa, hakuufuata, akafukuzwa kazi. Na sasa nimefika sayari nyingine bila kupanda hata ngazi.

Kinyozi ana swali, kaniomba nikuulize. Hiyo rada yenu, ikigonga udongo wa mfinyanzi, ule wa kijivu unaong'ang'ania sururu kama mdai, umelowa kabisa lakini haukupi hata tone, mwangwi wake unarudije? Una tofauti na wa maji? Yeye ni kinyozi tu, mambo haya hayamhusu, ila ni mtu wa kudadisi.

Nimejenga rafu mpya ya zile chupa zangu. Unazikumbuka, ulizivunja mbili ulipokuwa na miaka saba. Kila mita ninayoshuka, gao moja la udongo, ujazo wa kiganja, kwenye chupa ya jemu, namba ya kisima, namba ya mita. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa mwongo kuliko mimi, na mimi unanijua, lakini alikuwa akisema: mdanganye mteja kuhusu umri wako, mdanganye kuhusu mkeo, chupa usiidanganye, maana wewe utakufa na yeye atabaki na shimo.

Ile fomu imemwagikiwa chai. Tuma nyingine, haraka haina.

Mjomba wako


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimesikitika sana kwa habari ya mama. Miezi mitatu inapita ndipo naambiwa, tena katikati ya jino na kinyozi. Bafu lile lina sakafu ya saruji ya kukwaruza, ulilisakafia mwenyewe ukajisifu kuwa hata konokono hawezi kuteleza. Sasa aliteleza na nini?

Nimefunga fomu mbili, moja ya kusaini na moja ya kunywea chai.

Mwambie kinyozi ameuliza swali ambalo watu wanaonipinga wanaliuliza kwa lugha ngumu zaidi. Ndiyo. Udongo wa mfinyanzi uliolowa unaweza kurudisha mwangwi unaofanana na wa maji. Wanasema nilichokiona kule chini ya barafu huenda ni udongo tu. Mimi nimewajibu kwa kisima chetu. Nimewaambia, mwangwi wa nguvu hii niliuona uani kwetu, pakachimbwa, maji yakatoka. Mwenye kubisha akamwulize aliyeshuka na kamba. Walifunga daftari zao, mjomba.

Mkataba wangu unaisha Juni. Kuna watu wawili wanaokitaka kiti changu, na mmoja wao ndiye mkuu wa wanaobisha. Kazi ikichapishwa, nabaki. Isipochapishwa, narudi nyumbani na begi nililoondokea. Sikuelezi haya ili nikubane. Nakueleza ujue kwamba mistari miwili ya kalamu yako ni miaka tisa yangu.

Jambo jingine dogo. Nilipokuja likizo ulisema pampu iko kwa fundi, kwa hiyo maji yale sikuyaonja. Yana chumvi au matamu? Mkuu wangu aliniuliza, nikakosa jibu.

Mpwa wako


29 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Fomu zote mbili zimefika. Mama yako sasa anasimama na mkongojo. Anatembea hadi mlangoni, anagombana na mlango, anarudi. Kobe, mwenzangu wa kushika kamba, amepata mjukuu, wamempa sura ya babu yake, maskini. Kinyozi anakusalimu, na hajawahi kuuliza swali lolote kuhusu udongo. Swali lilikuwa langu.

Barua hii nimeianza mara saba. Mimi, niliyemwambia askari wa mpakani kuwa mtarimbo wangu ni mkongojo wa kichifu, akanipigia saluti. Uongo haujawahi kunipa taabu, huja wenyewe kama mafua. Lakini fomu yako ina pengo limeandikwa "kilichokutwa", na mkono ukifika hapo unagoma kama punda mwenye akili.

Mita ya kumi na nne palikuwa na udongo wa mfinyanzi. Ulilowa, ulinata, nikaukamua kwa mikono miwili mpaka vidole vikauma, haukutoa kitu. Nikasema labda maji yako chini yake. Nikaenda hadi kumi na tisa. Kumi na tisa ni mwamba. Mshumaa niliokuwa nao ukaanza kufifia kwa kukosa hewa, Kobe akanivuta. Shimo lilikuwa kavu, mpwa wangu, na kavu liko mpaka leo.

Siku tatu baadaye ukapiga simu. Ulisema uko kwenye korido ya wale watu wa ufadhili, wanataka kujua kama ile kazi ya mazoezi ilifaulu, na umebakiwa na watu wawili mbele yako. Ukaniuliza, "Mjomba, yametoka?" Nilisikia unavyopumua. Nikasema yametoka, binti yangu, tena ya baridi, yanauma meno. Ukacheka mpaka ukalia. Ungekuwa wewe ndiye mimi ungesema nini? Na nikwambie yote, haikuwa huruma peke yake. Visima sitini na viwili sikuwahi kukosa hata kimoja, na mtaa mzima ulikuwa umekaa ukutani unanitazama. Nilidhani ni uongo wa kupita, kama manyunyu. Sikujua utaujengea ghorofa.

Pampu uliyotutumia tuliifunga juu ya shimo kavu ili upate picha. Ile ndoo ni ya maji ya bomba la mtaani. Aliyeijaza na kuibeba ni mama yako, kisha akasogea pembeni asionekane. Na hakuteleza bafuni. Aliteleza kwenye foleni ya bomba, ndoo kichwani. Miaka tisa anaipanga foleni ile, na wewe kila mwaka unauliza kisima hakijambo, naye anajibu hakijambo. Ndiye aliyenikataza kukuandikia. "Mwache mtoto," anasema. Nikamwambia mtoto ana miaka thelathini na moja na anatafuta maji mbinguni kwa sababu mimi sikuyapata uani.

Chupa ya mita ya kumi na nne nimeifunga kwa matambara, imo kwenye kifurushi, nimekituma kwa rejista. Iweke kwenye mashine zako. Usiniamini mimi, mimi nimeshajulikana.

Fomu sijasaini. Nisamehe kama utaweza, na kama huwezi, nitukane, maana nyote huko mmekuwa wapole mno.

Mjomba wako


2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo huku. Joto limeingia, tunafanya kazi madirisha wazi.

Barua yako ya mwisho kunifikia ni ile ya Machi. Kifurushi chochote sijapata. Posta siku hizi ni bahati nasibu, usitume vitu vya kuvunjika.

Fomu yako iliwahi. Iliingia ofisini siku ya mwisho ya Mei ikiwa imejazwa na kusainiwa. Nakushukuru. Kazi imekubaliwa na itatoka Septemba. Mkataba wangu wameuongeza miaka mitano.

Nimemtumia mama kiti cha magurudumu cha kukunja. Mtafutie na mtu wa kumchotea maji, asipange tena foleni ile.

Nina kazi nyingi, nitakuwa mzito wa kuandika.

Mpwa wako


21 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako anatembea. Kiti cha magurudumu amekiweka sebuleni, wageni ndio wanaokaa. Kobe anaumwa kifua, hashiki kamba tena, kwa hiyo na mimi sishuki tena. Ndiyo habari za nyumbani.

Redio imekutangaza. Walisema maji yamepatikana chini ya barafu ya sayari, na aliyeyaona ni binti wa kwetu. Nyumba ilijaa. Kinyozi alifunga duka. Mmoja akaja na ndoo, akaniuliza zamu yake ya kuchota huko itakuwa lini, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilicheka pia, nilicheka kuliko wote, unanijua. Mama yako alikuwa jikoni. Alikuwa anakung'uta dumu apate maji ya chai ya wageni.

Barua yangu haikukufikia, ila foleni ilikufikia. Mama yako aliusoma mstari ule mara mbili, akaikunja barua, akaiweka chini ya mto. Mtu aliyenyamaza miaka tisa hawezi kuanza kusema kwa siku moja.

Na mimi sina haki ya kukutolea macho. Nilikuona ulipokuja likizo. Asubuhi ya pili ulitoka uani peke yako, ukaenda mpaka kwenye shimo, ukaweka mkono juu ya kifuniko. Mimi nilikuwa dirishani, nikasema moyoni, haya, leo ndiyo leo. Ulikaa hivyo muda wa mtu kuvuta sigara nusu. Kisha ukautoa mkono, ukaufuta kwenye gauni, ukaingia ndani kuomba chai. Nilishukuru. Ndivyo tulivyo, mpwa wangu. Mimi nilidanganya, mama yako alibeba, wewe hukufunua. Ukoo mzima tunashirikiana shimo moja.

Ningenyamaza. Nakuapia ningenyamaza mpaka wanizike, na ningejisifu hata kaburini. Sayari ile haina mtu. Andikeni kuwa ina maji, andikeni ina samaki, nani ataumia? Kule juu hakuna mwanamke mwenye ndoo.

Lakini mkuu wako ameniandikia. Barua nzuri, imefasiriwa kwa Kiswahili cha kupigwa pasi. Ananishukuru, anaomba nimweleze kwa maneno yangu mwenyewe siku ile nilipofikia maji, ataiweka kwenye kitabu. Halafu, kama mtu anayenipa zawadi, ananiambia kuwa chati yako imechukuliwa na mradi fulani. Itatumika kuchagua mahali pa kuchimba visima mia mbili vijijini, katika nchi kama yetu, na watakaochimba ni watu wa sururu kama mimi.

Mia mbili. Nimekaa nayo hiyo namba siku nne. Najua shimo la mita kumi na nne linavyonusa. Najua hewa inavyokuwa nzito mita ya kumi na saba, na mtu asivyotaka kupanda kwa sababu ameambiwa na mashine kuwa maji yapo, na kijiji kizima kimekaa juu kinamsubiri. Ataongeza mita moja. Halafu nyingine. Mimi nilikuwa na Kobe. Si kila mtu ana Kobe.

Pamoja na barua aliweka nakala ya fomu. Nimeiona saini. Umeiga vizuri, hata ule mkia wa mwisho. Ila mimi mkia siandiki tena. Kamba ilinikata kidole miaka mitatu iliyopita, sikukuambia ili usihangaike. Hata hivyo nimejifunza upya, nimefanya mazoezi kurasa mbili, sasa mkia ninauweza kama zamani.

Majibu niliyompa mkuu wako nimeyatuma leo asubuhi. Nakunakilia hapa neno kwa neno, ili usije ukajichanganya watakapokuita:

"Mheshimiwa, mimi ndiye mchimbaji. Mita ya kumi na nne nilikuta udongo wa mfinyanzi, na chini yake mwamba. Maji sikuyapata. Nilimwambia mpwa wangu kuwa nimeyapata, nikampigia picha ya uongo, na mlipoleta fomu nikaijaza kwa uongo, nikaisaini. Saini hiyo ni yangu, linganisha na hii hapa chini. Yeye alikuwa nchi ya mbali, aliniamini kwa sababu mimi ni mjomba wake na nimemlea. Hakujua kitu. Chupa nyingine za kisima kile ninazo, mita kwa mita, mtu wenu aje azione. Wasimamisheni wale wa visima mia mbili kabla hawajashuka."

Watakutazama kwa huruma kwa kuwa na mjomba wa namna hii. Kubali huruma yao. Kiti chako labda watakichukua, labda watakuachia, hilo sijui, na nikisema najua nitakuwa nimerudia mchezo wangu. Mtaani wakisikia, sifa zangu zote sitini na mbili zitakwenda na hicho kimoja. Kinyozi nimeshamwambia. Alininyoa mpaka mwisho, na hela hakupokea, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Ukiulizwa, hukujua. Usiwe mwema mbele yao, usianze kulia ukasema ukweli wako. Ndani ya barua ile kuna uongo mmoja tu, nao ni wa mwisho nitakaokudanganyia maishani. Huo usinivunjie.

Mama yako anasema urudi tu, hata kesho. Mimi sikuambii urudi. Nakuambia mlango haufungwi.

Mjomba wako